Magunzi Yaliyokunywa Sumu

Nilimwaga nusu gunia la magunzi juu ya meza ya afisa. Sikupanga. Nilikuwa nimeyabeba kama ushahidi, pamoja na chupa mbili za maji na barua ya daktari, nikalifunga gunia mdomo kwa kamba ya katani, nikakaa nayo kwenye benchi la nje tangu ofisi ifunguliwe mpaka chai ya saa nne ikapita mbele yangu kwenye trei. Binti yangu alikuwa mgongoni. Alikuwa na miaka minne, umri wa kukimbia mbele yangu, lakini miguu yake ilikuwa imeanza kumkataa.

Nilichotaka ni sahihi. Sahihi moja kwenye fomu moja, ili damu ya mtoto itolewe na ipelekwe Nairobi, ipimwe kama ina risasi, yale madini mazito ya kijivu yanayokaa ndani ya betri za magari. Daktari alikuwa amenieleza: iko dawa ya kuivuta kutoka mwilini, lakini hawezi kuitoa kwa kubahatisha, na kipimo hakiendi bila ofisi ya afya kukubali kwamba maji yetu yana shaka. Akaongeza kwamba kila wiki tunayongoja, kichwa cha mtoto ndicho kinacholipa. Hiyo ilikuwa mara yangu ya sita katika ofisi ile.

Afisa alifungua faili, akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, si ni wewe ulikuja ukasema mtoto alikula munyu, chumvi ya jivu ya hizi magunzi?"

"Ndiyo."

"Nani alipika?"

"Nyanya yake."

"Kwa jikoni ya nani?"

"Yangu."

"Na magunzi ni ya nani?"

"Yangu."

Akafunga faili. Alifunga polepole, kama mtu amemaliza kula. "Basi si umejijibu? Hapa hakuna kesi ya maji, mama. Hapa kuna mama amelisha mtoto wake sumu, sasa anatafuta mtu wa kusukumia. Shukuru sijaita polisi. Enda nyumbani. Osha mtoto mikono, mpe maziwa."

Osha mtoto mikono. Nilikuwa nimemwambia habari ya munyu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu nilifikiri mtu akisema ukweli wote anasaidiwa haraka zaidi. Nilifungua ile kamba, nikainua gunia, nikamwaga. Magunzi yaliyotwangwa, ya rangi ya tope, yaliingia kwenye faili, kwenye droo iliyokuwa wazi, kwenye kikombe chake cha chai.

"Kunywa!" nikamwambia. "Kama kisima hakina kitu, kunywa hiyo chai."

Aliruka kutoka kitini hadi dirishani, akaanza kufuta mikono kwenye suruali, akifuta, akifuta tena. Nikamwona. Mtu asiyeamini kuna sumu haruki hivyo.

*

Niliingia Matisi, huku Trans-Nzoia, nikiwa bibi harusi, mwishoni mwa miaka ya themanini. Ploti ilikuwa ya marehemu baba mkwe, amewaachia mume wangu na kaka yake, vyumba vitano vya udongo na mabati na kisima kimoja katikati. Mume wangu alifanya kazi dukani Bungoma, akija mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na cheti cha fomu foo, jiko la kuni na, baada ya mwaka mmoja, mtoto wa kike.

Ng'ambo ya ua wetu mtu alifungua karakana ya betri. Siyo ya kutengeneza, ya kuvunja. Betri za lori na trekta zililetwa zikiwa zimekufa, vijana wanazipasua kwa shoka, wanamwaga asidi chini, wanatoa zile sahani za ndani na kuziyeyusha kwenye nusu ya pipa juu ya moto wa magunzi. Risasi ikipoa inakuwa matofali, na matofali yanapakiwa. Vilivyobaki vilikuwa vyetu. Wanawake wa ploti walichukua maganda ya betri wakapanda vitunguu na dhania ndani yake. Watoto waliyageuza viti. Mimi pia nilikuwa nayo mawili mlangoni, nikaona yamependeza.

Mvua ikinyesha, maji kutoka karakana yaliteremka chini ya ua, meupe kidogo kama maziwa yaliyochujwa, yakazama karibu na kisima. Tulipolalamika, mwenye karakana, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alitoa mabati ya darasa la shule ya Jumapili, alikuja akasimama kisimani na suti yake.

"Asidi inaua wadudu," alisema. "Nyinyi mnakunywa maji safi kuliko watu wa Kibomet. Mngekuwa mnanishukuru."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Binti yangu alianza kuongea mapema. Alikuwa msemaji bana, anasalimia watu kisimani mmoja mmoja, na mtu asipoitika anarudia. Mama mkwe akija kutoka Bungoma, mtoto alimwona akiwa bado barabarani na kuita "Kukhu! Kukhu!", ndivyo wanavyomwita nyanya kwa kwao, mpaka ploti nzima inajua mgeni amefika.

Alipokaribia miaka mitatu tumbo likaanza. Alikunja magoti akalia, choo hakiji siku nne, tano. Akawa mweupe viganjani. Akaanza kula udongo wa ukuta, anaukwangua kwa kucha nyuma ya mlango. Nilimpeleka zahanati. Minyoo, wakasema. Nikarudi. Minyoo. Nikarudi mara ya tatu, wakasema damu ni kidogo na minyoo ipo. Kama minyoo ingekufa kwa kuandikwa kwenye kadi, tumbo la binti yangu lingekuwa safi kama sufuria ya harusi.

Halafu maneno yakaanza kupungua. Hayo ndiyo niliyashindwa kuyaeleza zahanati. Maumivu unaonyesha, damu unapima, lakini utamwambiaje muuguzi kwamba mtoto aliyekuwa anasema maneno sita sasa anasema matatu? Aliniangalia akasema watoto wa kwanza ndivyo walivyo, wanadekezwa.

Kilichonifungua macho ni mkono wa mtu mwingine. Kulikuwa na mfanyakazi wa karakana, mtu mzima mwenye familia, aliyepasua betri muda mrefu kuliko wote. Siku moja alikuja kisimani kuomba maji, nikampa kikombe, na mkono wake ukaning'inia kwenye kifundo kama nguo kwenye kamba. Hakuweza kukiinua kikombe. Alicheka kwa aibu, akakishika kwa mikono miwili kama mtoto. "Umelala tu," alisema. "Utaamka." Wiki hiyohiyo niliona mguu wa binti yangu unaburura kidole gumba chini, vilevile, umelala.

Nikajaza mtungi wa plastiki wa lita ishirini kutoka kisimani, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda Bungoma kumtafuta mwalimu wangu wa kemia.

*

Alikuwa bado yuko pale, mwanamke mfupi mwenye rula ya mbao. Aliusikiliza mwanzo wa hadithi tu.

"Betri unavunjiwa karibu na kisima na wewe umekaa miaka yote hiyo?" aliniuliza. "Fomu foo yako umeilalia kama kuku amelalia mayai mabovu."

"Mwalimu, naomba unipimie kwanza. Utanitusi baadaye."

"Nitafanya yote mawili."

Tulichemsha maji yale kwenye moto wa jikoni ya shule, mtungi mzima, kutoka asubuhi hadi alasiri, mpaka yakabaki kikombe kimoja. Akatia matone ya asidi ili chochote kilichoganda kiyeyuke. Akachukua ile chumvi ya iodini, tuliyoitumia zamani kwenye mtihani wa vitendo, akadondosha.

Manjano. Msichana yeyote aliyefanya mtihani ule anaijua manjano ile. Tulikuwa tunaipenda, kwa sababu katika maabara yote hakuna kitu kizuri kama hicho, inashuka kwenye maji kama maua yanaanguka, na ukiiona unajua umepata alama: risasi ipo. Niliiona tena nikiwa na mtoto mgongoni. Mwalimu alikwenda kwenye bomba akanawa mikono, kisha akarudi akamnawisha binti yangu.

"Hiki si kipimo cha kortini," alisema. "Hakisemi ni kiasi gani. Kinasema tu ipo, na kwa maji ya kunywa, ikiwepo hata kidogo ni nyingi."

"Nichemshe?"

"Ukichemsha si umeona tumefanya nini? Maji yanaenda, risasi inabaki. Unaipikia tu."

Aliuliza kama kuna maji mengine. Nilimwambia: bomba la soko linafunguliwa siku mbili kwa wiki kama limefunguliwa, mto ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na kuhama siwezi, ploti ni urithi wa mume wangu. Aligonga rula mezani. Halafu akaniuliza swali ambalo nilidhani ni la kunikejeli.

"Matisi mnakosa magunzi?"

Nani Trans-Nzoia anakosa magunzi? Mahindi yakipukuchuliwa, magunzi yanajaa mpaka milango haifunguki.

Akanifundisha. Gunzi lililokauka, alisema, lina vishikio vidogo vidogo visivyoonekana, na risasi inapopita ndani ya maji inanaswa hapo, kama mbigiri inavyonasa kwenye sketi. Twanga magunzi kwenye kinu mpaka yawe kama chakula cha kuku, chenga chenga. Osha mpaka maji yatoke meupe. Loweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha, halafu anika, halafu kaanga kidogo kwenye kikaango bila mafuta, yasiungue. Ndimu inaongeza vile vishikio. Jaza kwenye chombo chenye matundu chini, weka kitambaa, pitisha maji polepole. Polepole, akarudia. Yakikimbia hayashikwi.

"Na sikiliza," alisema, akaninyooshea ile rula. "Gunzi haliui sumu. Linaibeba. Likishiba linaacha ipite. Kila wiki mbili unatoa, unaweka mapya. Ya zamani unachimba shimo refu, mbali na maji, unazika. Usimpe ng'ombe. Usichome."

"Nimesikia, mwalimu."

Na nilikuwa nimesikia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

*

Chombo chenye matundu nilikuwa nacho. Mama mkwe alinipa nilipoolewa: chungu cheusi, chini kimetobolewa, cha kuchujia munyu. Kwa watu wa Bungoma, mke asiyejua munyu hajui kupika. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, au magunzi, majivu unayatia kwenye chungu hicho, unamwagia maji, na yale yanayodondoka chini, ya rangi ya chai, ndiyo unapikia kunde na mrenda zikalainika. Mimi nilikuwa nimekiweka juu ya kabati. Nilikiosha, nikakijaza magunzi ya mwalimu.

Kisimani walinipa jina kabla ya wiki kuisha.

"Mama Magunzi, leo umekamua lita ngapi?"

"Ati anachuja maji na chakula ya ng'ombe! Siku moja maji itatoka na maziwa."

"Muacheni, amesoma huyo. Sisi tunakunywa asidi ya mzee wa kanisa, tunaokoka."

Niliwaambia kile nilichokiona Bungoma. Niliwaonyesha jinsi ya kutwanga. Wawili walijaribu siku tatu wakachoka, kwa sababu maji yanadondoka taratibu mno na mtu ana watoto saba. Sikuwalaumu. Kupata ndoo moja nilikuwa nakaa nusu siku.

Lakini mtoto alirudi. Sisemi alipona, nasema alirudi. Mwezi wa pili tumbo likanyamaza. Akaacha ukuta. Asubuhi moja nikiwa napepeta maharagwe alinivuta leso akasema, "Mama, kuku amelala kwa sufuria." Na kweli kuku alikuwa amelala kwenye sufuria. Niliketi chini nikalia mpaka kuku akaamka akaondoka. Nilipeleka maji yaliyochujwa Bungoma, mwalimu akachemsha, akadondosha, na manjano ikawa kivuli tu, lazima uinamishe bomba la kioo kwenye mwanga ndipo uione.

"Endelea," alisema. "Na ya zamani unazika?"

"Nazika."

Nilikuwa nimezika ya mara mbili za kwanza. Halafu kiangazi kikaja, ardhi ya Matisi ikawa saruji, na mimi ndiye mwenye jembe, mwenye kinu, mwenye kuni, mwenye mtoto. Nikaanza kuyaweka kwenye gunia nyuma ya jiko. Mvua ikija nitachimba, nilijiambia. Gunia likajaa, nikaanza la pili. Sina la kuongeza hapo. Nilichoka, nikaahirisha, na sikumwambia mtu yeyote kwa nini magunia yale yako pale.

Kisha mama yangu mzazi akaugua Moi's Bridge. Niliitwa. Mama mkwe akaja kunishikia nyumba. Mtoto alimwona mbali, akasimama, akafungua mdomo, na baada ya muda ikatoka: "Kukhu." Mama mkwe alimbeba mpaka ndani.

Nilimwonyesha kila kitu cha maji. "Mama, mtoto anywe haya tu, ya mtungi huu. Unapitisha hivi, taratibu. Hata uji, hata chai, maji ni haya."

"Nimeerewa, mwanangu. Mimi si mtoto."

Aliona magunia nyuma ya jiko, akauliza. Nilikuwa nimeshashika mkoba. Nikasema, "Hayo ni ya zamani, yamemaliza kazi."

Nikaenda.

*

Nilikaa Moi's Bridge wiki tatu. Niliporudi Matisi mama mkwe alinipokea akiwa amefurahi, hata chai hakuniachia niinywe, akanivuta jikoni. Kwenye rafu kulikuwa na chupa tatu zimejaa maji ya rangi ya chai.

"Wewe unakaa na magunzi safi hivi, yameoshwa, yametwangwa, na hupiki munyu?" alisema. "Nimekufanyia kazi. Nimechoma gunia moja roote. Chungu chako sikugusa, nimetoboa mkebe. Munyu ya hapa iko tamu, sijui kwa nini, Bungoma haiko hivyo. Mtoto ameipenda, anaramba kijiko."

Nilimwuliza tangu lini.

"Tangu urivyoenda. Kira siku kunde. Maji yake nimempa ya mtungi tu, kama urivyosema."

Alikuwa amefuata kila neno. Hakukosea hata moja. Yeye ni mtu aliyelea watoto tisa kwa kutotupa kitu. Gunzi likimaliza kazi ya kwanza linaenda motoni, na jivu lake linaenda chunguni, ndivyo mama yake alivyomfundisha na mama ya mama yake. Yote niliyoyanasa kwa miezi, tone kwa tone, alikuwa ameyachoma, akayachuja, akayatia kwenye mboga ya mtoto, kwa mapenzi.

Binti yangu alikuwa ameketi mlangoni kwenye ganda la betri. Niliita jina lake. Aligeuza kichwa, lakini macho hayakuja. Kisha akaanguka upande, mikono imekakamaa, povu mdomoni.

Hospitalini degedege lilikuja mara nne kabla ya kutulizwa. Daktari ndiye mtu wa kwanza wa serikali aliyenisikiliza hadi mwisho, na ndiye aliyeniandikia ile fomu ya kupeleka kwa afisa. Mama mkwe nilimweleza wodini, kwa sababu aliniuliza na sikuweza kudanganya mbele ya kitanda kile. Hakulia. Aliangalia mikono yake, mbele na nyuma, kama ya mtu mwingine. Kesho yake alirudi Bungoma bila kuaga. Nilikwenda baadaye kumwambia kwamba kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa najua. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniitikia "ndiyo, mwanangu" kila mahali. Chakula hakupika. Dada ya mume wangu aliniambia hajapika tangu arudi, anasema mikono yake haifai.

Nami nikaanza safari za ofisi. Mara ya kwanza afisa hayuko. Mara ya pili yuko kwenye mkutano. Mara ya tatu akaniuliza kama nina barua ya chifu. Mara ya nne nikaja na barua ya chifu akaniuliza nani amenituma niharibu jina la mzee wa kanisa. Mara ya tano nikamweleza habari yote, pamoja na munyu, nikiwa na matumaini. Mara ya sita mnaijua.

*

Askari wa mlangoni alinitoa nje kwa kunishika kiwiko, si kwa nguvu sana, kwa sababu ya mtoto. Kwenye veranda kulikuwa na karani, mwanamke wa umri wa mama yangu, na taipureta yake. Alikuwa amesikia yote. Ukuta ulikuwa wa mbao.

"Umemwachia nani afagie?" aliniuliza bila kuinua macho. "Mimi ndiye nitafagia."

"Samahani, mama."

"Safari sita. Umewahi kuandika?"

"Nilijaza fomu."

"Fomu si barua. Fomu inapotea. Hapa kitu kisicho na muhuri hakijatokea, hata ukimwaga lori." Akavuta karatasi tatu, akaweka kaboni katikati yake. "Barua ikipigwa muhuri wa kupokelewa, ni lazima ajibu. Nakala moja unapeleka kwa mkubwa wake, nakala moja unabaki nayo. Andika kwa mkono, mimi sijakusaidia. Na andika ukiwa na akili, si na hasira."

"Nina hasira."

"Basi andika na zote mbili."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya veranda, karatasi juu ya benchi, mtoto amelala mgongoni akinipumulia shingoni. Nilifikiria kuuacha munyu nje ya barua. Ningeweza. Mtu wa ofisi alikuwa ameshanionyesha ukweli wangu unavyotumika. Halafu nikakumbuka manjano, na jinsi mwalimu alivyokwenda kunawa mikono, nikaandika yote. Karani alisoma, akaguna, akapiga muhuri mara tatu. Akanipa fagio, akamwambia askari aniache niingie, na kwenye sakafu ya afisa nikakusanya magunzi yaliyobaki, nikayatia kwenye mfuko wa karatasi ya unga. Hii ndiyo barua, neno kwa neno.

Kwa Afisa wa Afya,
Nakala kwa mkubwa wake.

MINTARAFU: KISIMA CHENYE RISASI NA MTOTO ALIYENYIMWA KIPIMO

Mimi ni mama wa mtoto wa kike wa miaka minne, mkazi wa Matisi. Ninalalamika rasmi kama ifuatavyo.

Karakana ya kuvunja betri iko hatua kumi na nane kutoka kisima chetu. Nimepima kwa miguu. Asidi na uchafu wake humwagwa chini na huteremka kisimani. Maji ya kisima yakichemshwa mpaka yapungue na kupimwa yanatoa manjano ya risasi. Yakipitishwa kwanza kwenye magunzi, manjano inakaribia kwisha. Maana yake risasi hubaki kwenye magunzi.

Mtoto wangu alipokunywa maji ya magunzi alipata nafuu. Magunzi yaliyotumika yalipochomwa na jivu lake kupikiwa, mtoto alipata degedege. Sikuyazika kama nilivyofundishwa, na sikumwonya aliyeyachoma. Hilo ni kosa langu na ninaliandika hapa mwenyewe ili lisitumiwe tena kunijibu. Ofisi yako ilisema mimi ndiye niliyemlisha sumu. Ni kweli. Lakini gunzi halizai risasi. Lilinyonya iliyokuwa kisimani. Nauliza kwa maandishi: iliyokuwa kisimani iliwekwa na nani, na ofisi yako ilikuwa wapi?

Ninaomba mambo haya. Fomu ya kipimo cha damu ya mtoto isainiwe leo, maana daktari anasema kila wiki ina hasara yake. Maji ya kisima yachukuliwe mbele yangu, si nikiwa sipo. Kisima kifungwe, na watu wa ploti wapewe maji mengine kabla hakijafungwa. Watoto wengine wa ploti wapimwe. Wako kumi na mmoja, na wote wanakunywa bila magunzi.

Kwa kuchafua meza ya ofisi naomba radhi. Kwa yale niliyoyasema siombi.

Viambatanisho: chupa moja ya maji ya kisima. Chupa moja ya maji yaliyochujwa. Barua ya daktari. Mfuko mmoja wa magunzi yaliyotumika, ambao ni ushahidi na una sumu. Tafadhali usitupwe jalalani, na magunzi yasichomwe.